Bakuli la Mringaringa

Haya, sogeeni karibu, nawategea moja. Nyumba niliipima kwa hatua zangu mwenyewe, nguzo zake nilizichimbia mimi, mlango niliutia bawaba kwa mikono hii miwili. Lakini tangu mwenye kulala humo aoe, kizingiti chake sikivuki hata mvua ya mawe ininyeshee. Mimi ni nani?

Fundi? Fundi akiitwa kuziba bati linalovuja, anaingia. Mbwa? Mbwa hajui kutia bawaba. Mmeshindwa, nipeni mji. Kisii sitaki, ina kelele. Nipeni Nyaramba. Basi nimekwenda Nyaramba, nimekula ndizi za kuchemsha, nimekunywa chai yao ya maziwa mengi, nimerudi. Jibu ni baba wa mwanamume aliyeoa.

Maana huku Gusii baba haingii nyumba ya mwanawe akishaoa. Akiwa na neno, atasimama uani, chini ya ukingo wa bati, aite, na mkamwana wake atatoka. Hawapeani mikono. Hawatazamani usoni. Tunaiita chinsoni, ile aibu ya heshima. Serikali haikuiandika na kanisa halikuihubiri, lakini mtu akiivunja, watu humtazama kama aliyepita sokoni bila nguo.

Mzee Machogu aliijua aibu hiyo kama anavyojua njia ya kwenda kisimani. Ndiyo maana jambo alilofanya mwaka wa tisini na sita lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki, asiweze kulimeza wala kulitema.

Mzee huyu alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda kimoja cha majani chai. Alipostaafu, akarudi nyumbani kwake ng'ambo kidogo ya Nyaramba, kwa mkewe Gesare na kwa mashamba yao ya chai yanayoteremka hadi mtoni. Mwanawe Ondieki alikuwa akifanya kazi Nakuru, na mke wa Ondieki, Mokeira, aliishi na watoto wake wawili katika nyumba iliyokuwa hatua chache tu kutoka kwa baba mkwe, ile ile aliyoijenga mzee kwa mikono yake. Mikono hiyo, baada ya miaka thelathini ya kufungua na kufunga mitambo, ilikataa kustaafu. Hapo ndipo Ashok alipoingia.

Ashok alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi pale Kisii mjini, na Machogu alikuwa mteja wake tangu siku za kiwanda. Marehemu baba yake Ashok alikuwa na mchezo wake wa Jumapili, kukereza mabakuli ya mbao, na alipofariki, mashine yake ilibaki stoo imefunikwa gunia. Siku moja Ashok akamwambia Machogu, "Mzee, hii mashine inaniangalia kila nikiingia stoo. Beba, ukaifanyie kazi. Mimi sina mguu wa kuikanyaga."

Ilikuwa kweli mashine ya kukanyaga, mfano wa cherehani. Chini ina gurudumu zito la chuma, mkanda wa ngozi unapanda juu, na huko juu gogo linakazwa kwenye kisahani cha chuma. Ukikanyaga, gogo linazunguka. Nawe unaegemeza patasi yako ndefu kwenye kitako cha chuma kilicho mbele ya gogo, unaigusisha ncha polepole, na mbao inamenyeka kama ganda la chungwa. Machogu aliiweka katika kibanda nyuma ya zizi, na kuanzia siku hiyo hakuwa na shida tena ya kupata la kufanya baada ya kuchuma chai. Hakuuza kitu. Hakutaka kuuza. Alitaka tu kutengeneza bakuli moja ambalo akiligonga kwa kidole litaitika, liwe duara kabisa, jembamba ukingoni, bila ufa.

Bila ufa, hapo palikuwa na kazi. Alikereza mparachichi, likatoka bakuli zuri. Siku ya nne likapasuka. Alikereza mgrevilea, likapasuka siku ya pili. La tatu lilipasuka huku bado analishika, pa, kama mtu aliyevunja kidole.

"Baba Ondieki," Gesare alimwambia, akipita na ndoo ya maji, "kuku wetu sasa wana vyombo vingi kuliko mimi. Bado uwatengenezee vijiko."

"Cheka tu. Siku moja utaniomba nikutengenezee."

"Nikuombe nini, nyufa?"

Alipompelekea Ashok malalamiko yake, Ashok alitikisa kichwa. "Mbao yako iko na maji, mzee. Baba yangu alikuwa anangoja miaka mitatu, minne, ndiyo anaigusa."

"Miaka minne? Mimi nina sitini na sita, Ashok. Unataka nikereze nikiwa kaburini?"

Na kumbe mbao kavu ilikuwepo. Haikuwa mbali.

Miaka mitano nyuma, mzee Manasseh wa Marani, baba yake Mokeira, alikuja kumtembelea bintiye. Alishuka barabarani na kupanda kilima akiwa amebeba begani kipande cha mringaringa, mti wa kuchongea vinu na mizinga ya nyuki, kinene kama kiuno cha mtu. Machogu mwenyewe ndiye aliyempokea uani, akamsaidia kukitua. Manasseh alipumua, akafuta jasho, akamwambia bintiye, "Kiweke juu ya moshi kikauke. Nikija tena nitakuchongea kinu." Mokeira akakipandisha kwenye uchaga, ile dari ya fito juu ya meko yake. Manasseh hakuja tena. Aliugua mwaka uliofuata, akazikwa Marani. Kile kipande kikabaki pale pale juu ya moto, kikikauka kila chakula kilipopikwa.

Machogu alianza kukifikiria wakati wa kula. Akaanza kukifikiria akisali. Mwishowe akamwambia mkewe, "Mama Ondieki, si umwambie Mokeira kile kipande cha mringaringa anipe? Hata kinu chenyewe hana wa kumchongea sasa."

Gesare aliweka chini sufuria aliyokuwa akiiosha. "Ule si mti. Ule ni babake. Hauombwi."

"Mimi sikusema..."

"Umesema. Na usirudie."

Hakurudia. Angalau kwa mdomo.

Jumanne moja ya mwezi wa saba, Gesare alikwenda sokoni Nyaramba na ndizi zake. Watoto walikuwa shule. Mokeira alipita na kikapu cha majani chai mgongoni, akielekea kituo cha kupimia, na kule foleni haijui haraka ya mtu. Boma lilibaki na kuku, ndama na Mzee Machogu. Alijiambia anakwenda tu kuangalia kama mkamwana amefunga mlango vizuri, maana siku hizi watu si wa kuaminika. Mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo la nje, lile lile alilolipigilia yeye. Aliligusa. Likafunguka.

Alivua kofia. Hata yeye baadaye hakuelewa kwa nini aliivua, kama mtu anayeingia kanisani. Akavuka kizingiti.

Ndani kulikuwa na giza la mchana na harufu ya uji. Macho yalipozoea, yaliona yasiyostahili kuonwa: kitanda nyuma ya pazia lililosahauliwa wazi, leso imetupwa juu ya kiti, gauni la ndani likikauka kwenye kamba. Aliangalia juu haraka, na juu ndiko kulikokuwa na uchaga, na kwenye uchaga kile kipande, cheusi kwa masizi, kinang'aa kama sufuria ya zamani. Alipanda kwenye kigoda cha mkamwana wake, akakivuta. Kilikuwa chepesi kuliko alivyodhani. Kilikuwa kikavu kabisa.

Alitoka ameinama, kipande ndani ya gunia, na hakunyoosha mgongo mpaka alipofika kibandani. Alikifukia chini ya maranda, zile taka nyepesi za mbao, akakaa juu ya gogo akisikiliza moyo wake.

Jua lilikuwa linaelekea kushuka Mokeira alipokuja uani kwa baba mkwe. Alisimama mbali kidogo, macho yake kwenye nyasi, mikono nyuma.

"Tata, nina neno."

Tata ndiyo baba kwa lugha yao, na mkamwana hamwiti mzee kwa jina.

"Sema, mama." Naye aliangalia kwenye migomba.

"Mtu aliingia nyumbani kwangu leo. Ule mti wa baba hauko." "Chakula hakikuguswa. Nguo ziko. Ni mti tu. Nani aliingia nyumbani kwangu, Tata? Wewe ndiye mwenye boma. Naomba uniulizie."

Machogu alikuwa na jibu. Lilikuwa hatua ishirini kutoka pale waliposimama, bado zima, bado halijaguswa na patasi. Angeweza hata kusema alilikuta njiani. Lakini kusema aliingia, kwa mwanamke huyu, aliyesimama mbele yake bila kuinua macho kwa sababu ya kumheshimu, kumwambia nimeona kitanda chako, nimekanyaga kigoda chako, ulimi ulikataa.

"Nitauliza," alisema.

Mokeira alishukuru. Hilo ndilo lililomchoma zaidi, kwamba alishukuru.

Usingizi haukuja. Asubuhi alijiambia kwamba kukirudisha ni kuingia mara ya pili, na kukiacha mlangoni ni kuleta maswali. Mtu anayetafuta sababu hazikosi. Akakikaza kwenye kisahani, akaanza kukanyaga.

Masizi yaliruka kwanza, kama vumbi la makaa. Halafu ngozi nyeusi ikamenyeka, na chini yake ikatokea mbao ya rangi ya asali, yenye mshipa mmoja wa kahawia uliopinda kama njia ya mlimani. Patasi haikung'ang'ana. Ilipita tu. Maranda yalitoka marefu, yakajikunja miguuni pake, na kibanda kizima kikajaa harufu. Alipoivuta puani alitambua ni harufu ya jiko la Mokeira: moshi, uji, mboga ya managu, miaka mitano ya jioni za nyumba nyingine. Mguu ulisita juu ya kanyagio. Kisha ukaendelea.

Siku tatu alikereza. Alichimba ndani, akapunguza ukingo, akapiga msasa, akapaka mafuta ya kupikia kwa kitambaa. Aligonga kwa kidole. Liliitika. Alingoja siku nne, siku saba, wiki mbili. Hakuna ufa. Lilikuwa lile bakuli alilolitafuta mwaka mzima, na alilificha ndani ya debe, kwa sababu kila akiliangalia aliona gauni kwenye kamba.

Gesare alilikuta kwenye debe akitafuta mbegu za maharagwe.

"Hili umelifanya wewe?"

"Nani mwingine?"

Aliligeuza juu chini, akalipapasa, akalishika kama mtoto mchanga. Kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha. "Na mti uliutoa wapi?"

"Kwa Ashok," alisema Machogu, na uongo wa pili ulimtoka kwa wepesi kuliko wa kwanza. Gesare aliamini; mashine yenyewe si ilitoka kwa Ashok?

Huku nyuma maneno yalikuwa yanatembea. Mokeira hakumtaja mtu, hapana, lakini ulitajwa uteo. Siku ile Mokeira aliporudi alikuta mlangoni uteo wake wa kupepetea wimbi, ule aliokuwa amemwazima Nyangate. Nyangate alikuwa mjane wa kando ya mto, mwembamba, ulimi mkali, anayeishi kwa kuokota kuni na kuziuza. Kwa hiyo Nyangate alifika mlangoni siku ile. Na Nyangate ni mtu wa kuni. Wanawake kisimani walijumlisha wenyewe, hawakuhitaji mwalimu. Baada ya wiki tatu hakuna aliyemwazima chumvi, na akipita na mzigo wake wa kuni mtu alikuwa lazima akohoe.

Machogu alisikia hayo, akaamua kuliondoa bakuli nyumbani. Alilifunga kwa gazeti, akashuka Kisii mjini, akaliweka mbele ya Ashok juu ya kaunta, kati ya misumari na makufuli.

"Zawadi yako. Kwa ajili ya mashine."

Ashok alivaa miwani. Alimwita mkewe, "Shobha, njoo uone kazi ya mzee." Shobha alitoka nyuma akikausha mikono, akalizungusha bakuli kwenye mwanga wa mlango, akasema, "Baba angelia akiona hii." Kisha akalisogeza puani. "Inanukia jiko."

Ashok naye alinusa. Alitabasamu. "Hii imekaa juu ya moto miaka mingi. Huu ndio ukaushaji, mzee. Nani amekupa?"

Machogu aliangalia makufuli.

"Baba yangu," Ashok aliendelea, hana habari, "alikuwa anaandika kwa chuma cha moto hapa chini, jina la mtu aliyempa mti. Si jina lake, la yule mwingine. Alikuwa anasema mimi nimetoa tu taka, bakuli lilikuwa ndani. Sasa hapa tuandike nani?"

Mteja mmoja aliuliza bei ya kokoto, hakuna aliyemjibu. Ashok alimtazama mzee, halafu akalitazama bakuli, na pole pole akalifunga tena kwa lile gazeti, akikunja pembe kwa uangalifu.

"Rudi nalo, mzee wangu," alisema kwa sauti ya chini, kama anayemfunika mtu shuka. "Huyo aliyekausha mti aone kwanza. Mimi nitangoja."

Machogu alirudi na bakuli lake, na jasho la mgongoni halikuwa la jua.

Siku iliyofuata alikwenda kwa Nyangate. Hakujua atasema nini. Labda alitaka tu kumpelekea unga, na unga alikuwa nao kwenye mfuko. Alimkuta nje ya nyumba yake akifunga kuni kwa kamba ya mgomba.

"Mwenye boma amekuja kukagua kuni," alisema Nyangate bila kuinuka. "Kagua. Hiyo ni ya mkaratusi. Hiyo ni ya mti wa miiba. Mringaringa hakuna."

"Sikuja kukagua. Nimekuletea unga."

"Unga wa nini?"

Nyangate alikaza fundo kwa meno, akatema nyuzi, kisha akamtazama moja kwa moja, kwa sababu yeye ni rika lake na hana chinsoni naye.

"Machogu. Mimi nilikuwa nimeuweka uteo mlangoni, nimeshafika kwenye migomba, nikasikia komeo likifungwa. Niligeuka. Nilikuona ukitoka umeinama na gunia."

Mfuko wa unga ulimlemea mkononi ghafla.

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme nini? Niwaambie watu nimemwona mzee Machogu akitoka chumbani kwa mke wa mwanawe?" Alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Hilo neno nikilitoa mdomoni nani atauliza habari ya mti? Watakuuliza mengine. Na yule mtoto Mokeira watamuuliza pia. Mwizi wa kuni mimi naweza kuwa. Nimeitwa mabaya kuliko hayo. Chukua unga wako."

"Nyangate, kaa nao..."

"Chukua. Nikiula watasema nimeuiba pia."

Aliuchukua. Njiani aliona watu wawili, akawasalimia, na hakusikia walichojibu. Alikuwa amedhani aibu yake ni siri aliyoibeba peke yake. Kumbe mwanamke maskini alikuwa ameibeba pamoja naye wiki tano, upande ule mzito, na hakuomba hata kupumzishwa.

Ikafika Sabato ya Meza ya Bwana. Gesare alikuwa ametangulia kanisani na mashemasi wenzake kuandaa mkate, na Machogu alipoingia na kuketi, alitazama mbele akahisi benchi likizama. Juu ya meza, chini ya kitambaa cheupe, kulikuwa na kitu cha duara. Gesare, kwa kujivunia mume wake baada ya mwaka mzima wa kumcheka, alikuwa amelitoa bakuli kwenye gazeti akalitoa kwa kanisa, liwekwe mkate.

Kabla ya mkate, Wasabato hutawadhana miguu, wanaume na wanaume, wanawake na wanawake, kama Bwana alivyofanya. Wanaume walibaki ndani, wanawake wakatoka na mabeseni yao nyuma ya kanisa, kwenye nyasi. Aliyepangiwa na Machogu alikuwa Cleophas, mzee wa kanisa. Cleophas alipiga magoti, akachukua mguu wa Machogu, akaumwagia maji ya vuguvugu.

"Nimeliona bakuli," alisema akisugua kisigino. "Mama Ondieki ametuonyesha. Mungu amekupa mikono safi, ndugu."

"Si safi," alisema Machogu.

"Hakuna aliye safi, ndiyo maana tunaosha," Cleophas alijibu akicheka, akidhani ni unyenyekevu, na akamfuta kwa taulo katikati ya vidole, taratibu, kama anavyofutwa mtoto.

Machogu alimtawadha naye, haraka haraka, akabeba beseni kwenda kumwaga nje. Alipozunguka kona aliwaona wanawake kwa mbali. Walikuwa wawili wawili, magotini, wakichekeana na kukumbatiana, mabeseni yanametameta. Wote walikuwa na wenza, ila wawili. Nyangate alikuwa amekaa kwenye benchi la mwisho, viatu amevivua na kuvipanga vizuri, beseni lake la maji mbele yake, miguu yake mikavu imeunganishwa pamoja. Anangoja. Waliomaliza waliinuka, wakapita. Kila mmoja alipata jambo la kuangalia upande wa pili. Maji yake yalikuwa yametulia kabisa.

Hatua tatu kutoka kwake alisimama Mokeira, taulo begani, naye hana mwenza bado. Aliangalia lile beseni, akaangalia mikono yake, hakusogea. Uso wake haukuwa wa hasira. Ulikuwa uso wa mtu anayetaka kupiga magoti na hawezi, kwa sababu kuna swali liko njiani na hakuna aliyemwondolea.

Machogu alimwaga maji. Angeweza kurudi ndani. Mkate ulikuwa unamngoja ndani ya bakuli lake, angeumega, angeumeza, na hakuna mtu chini ya jua angesema neno. Nyangate angekunja miguu yake akaivisha viatu. Angefanya hivyo bila kumtazama mtu, kwa kumfichia yeye.

Alilaza beseni kwenye nyasi. Akavua kofia, akaenda upande wa wanawake, ambako mwanamume haendi saa ile. Vicheko vikakatika kimoja kimoja. Gesare aliinua kichwa, akaanza kuinuka. "Baba Ondieki, umepotea? Wanaume ni huko."

Alisimama pale anapopaswa kusimama baba mkwe, mbali kidogo, uso kando. Nyangate alimwona, akaelewa kabla ya wote, akatikisa kichwa polepole: usiseme.

"Mokeira, mama," aliita.

Mokeira alishusha macho kwenye nyasi, mikono ikaenda nyuma, kama kawaida. Alingoja, na baba mkwe wake hakuendelea, kwa hiyo akamsaidia kwa upole, kama anavyosaidiwa mzee aliyesahau alichojia.

"Tata. Uliniambia utauliza. Umeshauliza ni nani aliingia nyumbani kwangu?"

Nyuma yao, ndani ya kanisa, wanaume walianza wimbo. Machogu aliikunja kofia mikononi mpaka ikawa kama kitambaa. Kisha akafanya jambo ambalo hakulifanya tangu Mokeira aolewe: aligeuza uso, akamtazama mkamwana wake, ili aone kwamba anasema kweli.

"Niliingia mimi," alisema. "Nyangate hakugusa kitu. Niliingia mimi, mama, nikapanda kwenye kigoda chako, nikauchukua mti wa babako, na ndio ule uliobeba mkate mezani."